Subira Si Kukaa Bure

Ndugu Waislamu, wapo wanaodhani kuwa subira ni kukunja mikono na kungoja. Mwaka wa 6 Hijria, Mtume Muhammad (S.A.W.) na Masahaba wapatao 1,400 walizuiwa Hudaybiya wasiingie Makka kufanya Umra. Walirejea Madina na mkataba ambao baadhi yao waliuona mzito. Lakini hawakukaa bure: da'awa ilienea, na barua zikapelekwa kwa wafalme. Mwaka uliofuata walitekeleza Umra yao. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ikafunguliwa.

Kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake, ilipata mtihani wake mdogo. Kuta za madrasa zilifika kwenye linta, fedha zikaisha. Ikatolewa rai tukope kwa riba ili tuezeke kabla ya masika. Hoja haikuwa nyepesi, kwani mvua ikinyesha watoto hurudishwa majumbani. Hata hivyo tulikataa riba, tukaiwekea subira yetu utaratibu: mchango wa kila Ijumaa husomwa hadharani, na ikitimia bei ya mabati kumi, hununuliwa kumi. Leo chumba kimoja kimeezekwa. Wadogo wanasoma Juzuu Amma ndani yake. Wakubwa wangali chini ya mwembe.

Wazazi, mtoto anayetamani kanzu mpya ya Idi mpeni kibubu tangu Rajabu. Atajifunza kungoja huku akitenda.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusubiri. Amin.