Kilomita 21 kwa Mwendo Wetu

Sisi ni wanawake wanne ambao ngazi tu zilikuwa zikitutoa pumzi, na tumetia nia ya nusu marathoni: kilomita 21.

Siku 3 kwa wiki, baada ya sala ya alfajiri, tunakutana Maisara. Tunakimbia dakika 1, tunatembea 2, mpaka itimie nusu saa. Kipimo chetu ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Tunavaa suruali pana, shati refu na mtandio mwepesi uliobanwa vizuri.

Wapo wanaosema mwanamke mzima kukimbia ni aibu. Sisi tunakumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda. Baadaye, akiwa amenenepa, Mtume akamshinda. Kunenepa hakukumzuia kukimbia.

Mwenzetu mmoja ni bi harusi mtarajiwa. Alikuja apungue, gauni limkae. Sasa keshamwambia mchumba wake: hata baada ya fungate, alfajiri zake 3 ni za Maisara. Mchumba karidhia, alhamdulillah.