Pembea ya Tongoni na Ghera ya Majirani

Watu wa mwambao huu unaoanzia Tanga hata kufika Pangani hawakuzoea kuifurahia sikukuu peke yao, bali furaha ya kila kijiji ilikuwa haitimii mpaka ipatikane habari ya yale waliyoyafanya majirani, yapimwe, yabishaniwe, na hatimaye yapatiwe jawabu. Wazee waliotutangulia waligawanyika baina ya Marini na Arinoti katika ngoma ya beni, kila upande ukitafuta sare nadhifu na tarumbeta yenye sauti kuu kuliko ya wapinzani; na sisi tuliokuja baadaye tuliwaona watu wazima, wenye heshima zao, wakivutana barazani kwa ajili ya Black Star na Lucky Star, vilabu viwili vya taarabu vya Tanga mjini, kana kwamba wimbo mpya wa upande wa pili ni deni lililowafikia mlangoni. Ushindani wa namna hiyo ndio ulioilea pembea ya sikukuu katika kijiji chetu cha Tongoni, nami nataka kuieleza habari yake tangu ilipokuwa kazi ya mikono yetu hata leo, ambapo vijana wetu hubishana juu ya vyombo vilivyoundwa mbali. Kwani naamini kwamba katika mageuzi hayo tumepoteza jambo kubwa, ambalo bado si muhali kulirudisha.

Wageni huijua Tongoni kwa magofu yake: msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi takriban 40 yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Lakini kwetu sisi tuliokuwa watoto mwishoni mwa miaka ya 1950, fahari ya kijiji ilikuwa ni pembea kubwa ya mbao iliyosimamishwa kila Idi katika uwanda ulio baina ya minazi na bahari. Fundi wake alikuwa mzee aliyepata riziki yake kwa kuunda na kukarabati mashua, na kwa hiyo pembea ile ilikuwa ndugu wa mashua katika kila kiungo chake: nguzo mbili nene zilizochimbiwa ardhini, mhimili wa mvule uliochongwa kwa tezo hata ukawa mviringo sawasawa, mikono minne iliyoshikwa kwa vigingi vya mti na kufungwa kwa kamba za makumbi, na masanduku manne ya kuning'inia, kila moja likichukua watoto watatu. Matundu ya vigingi aliyatoboa kwa keke, na mhimili aliupaka sifa ya papa, mafuta yale yale yanayopakwa ubao wa chombo, hata tukirejea nyumbani jioni mama zetu walitambua kwa harufu ya kanzu zetu mpya mahali tulipokuwa tumeshinda.

Nakumbuka zaidi namna alivyoijaribu kabla ya kumruhusu mtoto yeyote kupanda. Alijaza masanduku magunia ya mchanga, akaamuru vijana wawili waizungushe, mmoja akiuvuta mkono wa pembea kwenda chini na mwenziwe akirukia mkono uliofuata na kuning'inia kwa uzito wake wote. Naye mzee, ilhali umati umejikusanya na shauku imetujaa, akaliweka sikio lake juu ya nguzo, akafumba macho, akausikiliza mti. Palipokuwa na kigingi kilicholegea alikijua kwa sauti, akainua kidole, pembea ikasimamishwa, akakigongomea kabari. Baada ya hapo aliingia sandukuni yeye mwenyewe, na kilemba chake, akazungushwa. Aliposhuka salama ndipo watoto tulipotoa ndururu zetu, na fedha hizo zikaenda kununua mafuta na kamba za mwaka ujao.

Basi mwaka mmoja, ilipokaribia Idi ya Mfunguo Mosi, wachuuzi wa samaki walituletea habari kwamba wenzetu wa Kigombe, kusini yetu katika njia ya Pangani, wameacha pembea ya kuzunguka na kutengeneza kitu kisichopata kuonekana. Walikuwa wamepata reli na toroli kuukuu ya shamba la mkonge, wakazilaza reli hizo juu ya mteremko wa udongo, zikishuka, zikipanda kilima kidogo, zikashuka tena, na watoto wakipakiwa torolini huachwa waende kwa uzito wao wenyewe mpaka mwisho wa njia. Usiku ule, baada ya sala ya isha, baraza letu halikuwa na mazungumzo mengine.

"Chuma cha kuazima hicho," alisema mmoja katika wazee wetu. "Mtu hajisifu kwa nguo ya kuazima."

"Na mwisho wa njia," akauliza mwingine, "ni nini kitakachoisimamisha? Au watoto wa watu watasimamishwa na mnazi?"

Vijana, ambao ghera ilikwisha kuwaingia, walisema kwamba vyovyote iwavyo, watu wa Mwarongo na Machui watakwenda Kigombe mwaka huu, na uwanda wetu utabaki na kunguru. Fundi wetu aliyasikiliza maneno yote hayo kimya, na aliposema alisema kwa upole: "Chuma ni cha shamba, sawa, lakini mteremko ni wao. Aliyeupima mteremko ule hata toroli ikapata nguvu ya kupanda kilima cha pili ni mtu mwenye akili, nami nataka kumwona."

Tukaenda kumwona, tukifuata ufuo wakati maji yamekupwa, wazee kwa watoto. Fundi wa Kigombe hakuficha kitu. Alituonyesha magunia yaliyoshindiliwa makapi ya mkonge mwisho wa njia, na mchanga mkavu uliomwagwa juu ya reli hatua chache kabla ya magunia hayo, ili magurudumu yapunguze mwendo. Naye fundi wetu akaomba ruhusa, akatoa uzi wenye jiwe nchani, akapima kimo cha kilima cha kwanza na cha pili, kila mmoja wao akifurahi kuulizwa na kuuliza. Watoto tulipanda toroli hata sauti zikatukauka. Mwaka uliofuata pembea ya Tongoni ilisimama na masanduku sita badala ya manne, ikiwa ndefu hata aliyefika juu aliona makuti ya mapaa yote ya kijiji na tanga za ngalawa nje ya miamba. Na watu wa Kigombe walikuja, na fundi wao akaja na uzi wake.

Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za michezo ya namna hii katika nchi za mbali, nilistaajabu kuona kwamba wenzetu wa Kigombe walikuwa wamepita njia ile ile iliyopitwa na wavumbuzi wenye majina makubwa. Huko Mauch Chunk, katika jimbo la Pennsylvania la Marekani, ilijengwa mwaka 1827 reli ya kuteremshia makaa ya mawe kutoka mlimani, mabehewa yakishuka kwa uzito wake. Baadaye watu wakaanza kulipa nauli wateremshwe kwa furaha tu, na reli ya makaa ikageuka kuwa reli ya matembezi. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua huko Coney Island, New York, gari lake la kuteremka na kupanda vilima vya mbao, lililokwenda kiasi cha kilomita 10 kwa saa kwa nauli ya senti 5, na hilo ndilo lililofungua njia ya rola kosta za leo. Ama gurudumu kubwa la George Ferris, lililosimamishwa katika maonyesho ya Chicago mwaka 1893 likiwa na kimo cha mita 80 na vyumba 36, lilizaliwa na ghera tupu: Wafaransa walikuwa wameusimamisha mnara wa Eiffel mwaka 1889, na wahandisi wa Marekani wakahimizwa watoe jawabu. Mnara ukajibiwa kwa gurudumu, kama mteremko wa Kigombe ulivyojibiwa kwa masanduku sita.

Mageuzi yalitujia polepole. Mkonge wa Tanganyika, ulioletwa na Wajerumani mwaka 1893 na kuifanya Tanga ijulikane duniani, ulifikia kilele chake katikati ya miaka ya 1960, kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi, yaliyotaifishwa na yasiyotaifishwa, yakadhoofika; reli nyingi za toroli zikang'olewa zikauzwa kuwa chuma chakavu, na njia ya Kigombe ikakosa vipuri, ikaota majani. Nailoni hiyo hiyo ilizishinda pia kamba za makumbi katika vyombo vyetu. Fundi wetu akafariki, Mungu amrehemu, na wanawe walikuwa wameshakwenda kutafuta kazi za mshahara. Kwa muda watoto wa Tongoni walirudia pembea ya kamba kwenye mti wa mkwaju. Halafu wakaanza kuja wafanya biashara kutoka mjini na magurudumu ya chuma yaliyopakwa rangi, yakiletwa kwa lori na kuzungushwa kwa injini, ambayo husimama kwetu siku za sikukuu kisha huhamishwa usiku.

Sisemi kwamba magurudumu hayo hayakuwafurahisha watoto, kwani yaliwafurahisha sana. Ila tangu hapo ubishi wetu ulibadilika tabia. Zamani mtu alisifu pembea kwa kuwa mjomba wake ndiye aliyebeba nguzo, na aliyeshindwa alikwenda msituni kutafuta mti mrefu zaidi. Sasa tukasifu lori lililotujia na kulaumu lililokwenda kwa wengine. Waliojaliwa uwezo wakaanza kubishana kama raha ni kiwanja cha watoto cha Kariakoo, Unguja, au ni mabomba ya kuteleza majini ya Kunduchi, Dar es Salaam. Na katika mabishano hayo marefu sikupata kumsikia mtu akiuliza maji yale hupandishwa juu kwa njia gani.

Idi iliyopita nilikuwa barazani pamoja na wapwa zangu wawili, mmoja aliyefanya kazi Abu Dhabi na mwingine aliye na rafiki zake Riyadh, na simu zao zikipokezana picha. Wa kwanza aliinadi Formula Rossa, rola kosta ya bustani ya Ferrari World iliyofunguliwa mwaka 2010, ambayo hufikia kilomita 240 kwa saa kwa muda wa sekunde tano hivi, na abiria huvishwa miwani kwa ajili ya upepo na mchanga. Wa pili alimjibu kwa Falcon's Flight ya Qiddiya, karibu na Riyadh, iliyoundwa ikimbie kilomita 250 kwa saa na kuteremka ukingoni mwa jabali la Tuwaiq. Walibishana kwa hoja na kwa kelele, mmoja akidai kwamba kikubwa si kizuri na mwingine kwamba cha zamani si fahari, mpaka waliponigeukia wakasema, "Mjomba, tuamulie wewe."

Niliwauliza ni nani mafundi wa vyombo hivyo viwili. Wakatafuta, wakakuta kwamba mahasimu hao wawili wameundiwa na kampuni moja ya Ulaya, Intamin. Nikawauliza tena hupewaje mwendo wao, na hapo mazungumzo yakawa matamu kuliko ubishi: tuliona kwamba kile cha Abu Dhabi huvutwa na kamba za chuma zinazozungushiwa winchi yenye nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa, na kile cha Riyadh husukumwa na sumaku za umeme zilizopangwa katika reli. Mpwa wangu mdogo, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, aliomba karatasi, akachora winchi na kamba, akasema kwamba kitu kidogo cha namna hiyo, cha kuvuta kigari cha watoto kukipandisha kilima, yeye aweza kukitengeneza.

Simkatazi mtu kupenda cha mbali. Wajenzi wa makaburi yetu walipenda mabakuli yaliyovuka bahari kutoka China, wakayapachika katika nguzo zao. Lakini matumbawe waliyachonga wao, chokaa waliichoma wao, na bakuli la mgeni likawa pambo la kazi ya mwenyeji. Hivyo ndivyo alivyofanya fundi wa Kigombe kwa toroli, na ndivyo ninavyotaka vijana wetu wafanye kwa hayo wanayoyatazama katika simu zao: wayapende, wayapime, kisha watwae kutoka kwayo kile ambacho mikono yetu yaweza kukifanya kiwe chetu. Mtu anayebishana na jirani yake huku akijua kwamba kesho atalazimika kujibu kwa kazi, huyo hujifunza kumtazama jirani kwa makini na kumheshimu. Na anayebishana kwa niaba ya chombo asichokijua hupata kelele tu.

Wazee wachache tumekubaliana kuchanga fedha za chuma na mbao, na kijana yule amekwisha kupima mteremko ulio juu ya uwanda. Atakijaribu chombo chake kwa magunia ya mchanga kwanza, kama alivyofanya aliyemtangulia. Habari nimezipeleka Kigombe mimi mwenyewe, nikawaambia mafundi wao vijana kwamba Idi ijayo waje na kipimo chao, watukosoe, kisha warejee kwao wakatujibu.