Mukono Unarudi Pole Pole



Katika miji yetu ya migodi, wengi tunakula kwa nguvu ya mikono. Mumoja anachimba, mwingine anabeba mifuko, mama anatwanga na kufua. Kwa hiyo mutu akipasuliwa bega, nyumba nzima inajiuliza: "Kama mukono haupandi tena, tutakula nini?" Ninataka kukuambia namna gani wangu ulirudi, ili wewe ao ndugu yako asikate tamaa.

Mimi ni fundi wa kuunga vyuma, huku Kolwezi. Nilianguka toka kwenye ngazi, na kano moja ya bega ikakatika. Bega ni kama mupira uliokaa juu ya sahani ndogo; nyama 4 pamoja na kano zao zinaushika usitoke. Monganga alishona kano kwenye mufupa, kisha akafunga mukono shingoni kwa majuma 6.

Kazi yenyewe inaanza hapo. Kano iliyoshonwa inaomba majuma kama 12 ili ishike muzuri. Ukiivuta mbio, inaweza kukatika tena. Lakini ukiacha bega lilale tu, ngozi ya ndani inayozunguka kiungo inakaza, na mukono haupandi. Tunapita katikati ya hatari hizo mbili.

Tangu siku ya kwanza nilitikisa vidole, kiganja na kiwiko. Kisha kine wa hospitali akaniruhusu kuinama, kushika meza na mukono muzima, na kuacha ule mugonjwa uninginie kama kengele. Nyuma ya hapo, kulala chali na kushika fimbo kwa mikono miwili, ule muzima ukimuinua mwenzake. Halafu vidole kupanda ukutani kama buibui, mara 3 kwa siku.

Bibi yangu alikuwa anaandika alama ukutani kwa makaa. Juma moja alama haikupanda hata kidogo. Nililia, musomaji. Akaniambia: "Papa, usiangalie alama ya jana. Angalia ile ya mwezi uliopita."

Majirani nao walisema: "Lete tuuvute, utafunguka!" Hapana. Asiuvute mutu asiyejua vile ulivyoshonwa. Na kidonda kikitoa usaha, ao ukipata homa, ao vidole vikifa ganzi, kimbilia hospitali.

Mwezi wa 4 nilichana nywele mwenyewe. Mwezi wa 7 nilirudi kazini, lakini vyuma vizito ninabeba na mwenzangu. Kufika juu kabisa, bado kidogo.

Nanyi vijana, kama baba ao mama amefunga mukono shingoni, mumusaidie kuchota maji na kubeba mizigo. Lakini siku kine akimuruhusu kufunga vifungo vya shati yake, mumuache afunge mwenyewe, hata akikawia. Kila kifungo ni zoezi.