Boti Haikuwa na Shida ya Spidi

Ndiyo, ile video ni yetu. Mnanitumia kila wiki kama vile sijaiona, wengine mmeongeza muziki juu. Boti nyeupe, Kilifi Creek, jua la saa kumi, halafu ghafla boti inaanza kulala kushoto, kulia, kushoto, na jamaa wa mbele anarushwa kama gunia la mkaa. Imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuposti. Yule anayerushwa ni binamu yangu Charo. Na ile sauti nyuma ya kamera inayosema "ongeza, ongeza" ni yangu.

Mmeuliza sana ilikuwaje. Acha niseme yote mara moja, hata zile sehemu ambazo sitaonekana poa.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo. Karo ilikuwa shida lakini si karo peke yake. Nilikuwa nimechoka kukokotoa nguvu za vitu ambavyo sijawahi kuvishika. Nairobi nikakaa miezi kadhaa nikitengeneza kontenti ya magari, zile za wasee wanaofunga taabo mpya kwa Subaru ambayo shoksi zimekufa kitambo. Mambo yalipokauka mamangu akanituma kwa kaka yake Kilifi. Mjomba Kazungu ni fundi wa mashine za boti, amefanya kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Aliacha shule darasa la saba. Wanawe wawili, Katana na Charo, wanamsaidia.

Desemba mteja mmoja alileta boti yake. Futi 19, fiberglasi, tumbo lenye umbo la V, boti ya raha si ya uvuvi. Ilikuwa na mashine ya nguvu za farasi 115 na yeye alitaka 150, kwa sababu marafiki zake walikuwa wanampita. Mjomba alimwambia kwanza tuiangalie yenyewe ilivyo. Mteja akasema amelipia mashine tayari. Basi tukaifunga. Mashine mpya ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza kwa karibu kilo 50, na kilo zote hizo zilikuwa zinaning'inia nyuma kabisa, kwenye tezi.

Siku ya pili Mjomba akaenda Malindi kutafuta vipuri. Alituachia neno moja tu: boti isitolewe hadi arudi. Mimi ndiye niliyeanza kuwabembeleza. Nilitaka video ya kilomita 80 kwa saa, namba ionekane kwa simu, upepo, nywele, kila kitu. Katana alikataa, nikamwambia ni dakika kumi tu. Alikataa tena. Saa kumi tulikuwa majini.

Mara ya kwanza tulifika 66 na boti ikaanza kudunda, omo inapanda, inaanguka, inapanda, inaanguka, kama pomboo anayevuta pumzi. Katana akapunguza. Mimi nikasema sikushika vizuri, turudie. Akageuza papo hapo na tukarudi juu ya mawimbi yetu wenyewe kabla hayajatulia.

Kwenye 70 hivi ndipo ilipoanza kuyumba. Katana akazungusha usukani kuifuata, na kila alipoifuata ikazidi. Akaogopa, akafunga mafuta yote kwa mpigo. Omo ikaanguka, ikashika maji, boti ikajipinda upande mmoja. Charo akapiga mdomo kwenye bomba la mbele. Jino moja likatoka lote, la pili likavunjika nusu. Hakuanguka majini, na hilo ni bahati tu. Ile kamba nyekundu ya kuzima mashine ilikuwa upande mmoja imeingia kwa swichi, upande wa pili inaning'inia hewani. Kama Katana ndiye angetoka, boti ingeendelea kuzunguka na mashine ikiwa imewaka, propela ikimtafuta yeyote aliye majini.

Usiku huo nilifanya mambo mawili. Niliposti video. Halafu usingizi ukakataa nikaanza kusoma.

Ndipo nikakutana na Donald Campbell. Huyu alikuwa Mwingereza mwenye boti ya injini ya jeti, Bluebird K7. Tarehe 4 Januari 1967, ziwa la Coniston Water, alikuwa anataka kupita maili 300 kwa saa. Rekodi ya maji hupimwa kwenda na kurudi, wanachukua wastani. Alienda kwa zaidi ya maili 297. Badala ya kungoja maji yatulie, aligeuza akarudi mara moja. Pua ya boti ikainuka, hewa ikaingia chini, boti ikapaa ikajipindua na kuvunjika. Mwili wake ulipatikana mwaka 2001, miaka 34 baadaye. Watu bado wanabishana sababu ilikuwa ni nini hasa, na mawimbi yake mwenyewe ni mojawapo ya yanayotajwa. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Sisi tulikuwa kwa 70 za kilomita, si maili 300, najua. Lakini neno "turudie" lilikuwa langu.

Aliyeishika rekodi mwishowe ni Ken Warby wa Australia. Boti yake aliijenga uani kwake Sydney, mbao na fiberglasi, na injini za jeti alizinunua kwenye mnada wa vitu vya jeshi. Novemba 1977 akafika kilomita 464 kwa saa. Hakuona haya kungoja karibu mwaka mzima; Oktoba 1978 akafika 511, na hadi leo hakuna aliyempita.

Asubuhi Mjomba alikuwa amerudi. Nilimwamkia, akaitikia, basi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Siku tatu hivyo. Siku ya nne akanipa spana namba 19 na akasema, "Mpwa wangu, njoo uone ulichokuwa unakiendesha."

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuniambia nishike mashine kwa mikono miwili nisiiache isogee, na yeye akashika usukani. Akazungusha. Usukani ukaenda karibu robo ya mzunguko kabla sijahisi chochote mkononi. Waya ulikuwa umelegea na nati za nyuma zimelika. Hapo ndipo nilipoelewa Katana alikuwa anafanya nini siku ile.

Iko hivi. Boti ikienda pole, tumbo lote liko ndani ya maji na maji yenyewe yanaishikilia. Ikichanganya inapanda juu na kuteleza, na kadri spidi inavyoongezeka ndivyo sehemu inayogusa maji inavyopungua, mpaka futi 19 zote zimekalia kipande chembamba karibu na mashine. Propela inayozunguka kwenda kulia inasukuma boti ilalie kushoto. Ikilala kushoto, ubavu unapiga maji, maji yanaurudisha juu, boti inavuka katikati na kulalia kulia. Huko nako inarudishwa. Kila safari inaenda mbali kidogo zaidi. Dereva anaweza kuizima kwa kugusa usukani kidogo sana, lakini lazima auguse boti inapoanza tu kwenda. Sasa ukiwa na usukani unaochelewa robo mzunguko, mkono wako unafika boti ikiwa tayari inarudi, na wewe unaisukuma huko huko inakoenda. Katana alidhani anaituliza. Alikuwa anaibembea.

Nilitaka tubadilishe kila kitu siku hiyo. Mjomba akasema kitu kimoja kwa siku, twende majini, tuandike, turudi. "Ukibadilisha vitano ikapona, utajua dawa ilikuwa ipi?" Nikatoa daftari langu la chuo, nusu ya kurasa zilikuwa hazina kitu. Pengine hayo ndiyo maabara pekee niliyowahi kufanya kwa moyo.

Waya mpya wa usukani: kuyumba kulianzia 64, sasa kukasogea hadi 71. Kitu hicho kimoja tu.

Halafu uzito. Betri ilikuwa nyuma kushoto. Mitungi miwili ya mafuta, nyuma kushoto. Yaani upande ule ule ambao propela tayari inausukuma chini tuliupakia mzigo juu yake. Betri tukaipeleka mbele, chini ya kiti cha kulia. Mafuta tukayaweka katikati ya boti. Kule kudunda kwa pomboo kukaisha karibu kote, maana tezi haikuwa tena imebebeshwa kila kitu. Kwenye chuo nilifanya mtihani kuhusu kitovu cha uzito nikapata C. Nilikuwa sijawahi kukibeba mgongoni.

Siku ya urefu wa mashine tuliharibu. Ilikuwa imefungwa chini mno, kipande kikubwa kinaburuta majini, usukani mzito. Tukaipandisha matundu mawili. Kwenye mstari ulionyooka ilikuwa tamu. Kwenye kona propela ikashika hewa, mashine ikapiga yowe, boti ikateleza kando. Tukarudisha tundu moja. Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile tukio, akaniambia andika na hiyo.

Propela ya alumini ilikuwa na meno yaliyomegeka. Mjomba akaazima kwa rafiki yake moja ya chuma cha pua yenye mapanga manne. Ile ya mapanga manne inashika maji vizuri zaidi nyuma, boti ikatulia. Ilipoteza kilomita kama mbili kwa spidi ya mwisho. Mteja hakupenda hilo hadi alipoiendesha mwenyewe.

Lakini sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa mikono ya Katana, si vyuma. Mjomba alimkalisha kwenye usukani asubuhi na mapema, maji yakiwa kama kioo, akampandisha kilomita mbili mbili. Boti ikianza kusogea, gusa. Usiifukuze. Ikikushinda, teremsha pembe ya mashine kidogo omo ikae chini, punguza mafuta taratibu, usiyafunge kamwe kwa mpigo. Na kamba nyekundu kwenye mkono kabla ya funguo. Ilichukua asubuhi sita. Siku ya sita daftari linasema 79, haiyumbi, watu watatu.

Sikupiga video ya siku hiyo. Si kwamba nimeokoka. Charo ndiye alikuwa amekalia kiti cha kati, na alisema akiona simu anashuka.

Kuhusu ile video nyingine. Wengi mmeniambia niifute, wengine mmesema ni ya Charo, aamue yeye. Nilimwuliza. Akaniuliza imeingiza pesa ngapi. Nikamwambia ukweli, si nyingi vile mnavyodhani, lakini ni nyingi kuliko anavyopata kwa mwezi kwa karakana ya babake. Akanyamaza kidogo halafu akasema iache, na pesa zote ni za meno. Daktari anataka kuweka mawili ya bandia. Hadi sasa tumelipa ya moja.

Mteja naye alipiga simu wiki jana. Ameona mashine ya 200 inauzwa Mtwapa na anauliza kama ubao wa nyuma utaibeba. Mjomba alinipa simu mimi nimjibu. Nikamwuliza kwanza kama amewahi kuvaa ile kamba nyekundu, na upande wa pili kukawa kimya.