Maalim Hamuulizi Mtoto Cheti



Mtoto akihamishiwa chuo kipya cha Qur'ani, maalim hamuulizi cheti. Anamwambia, "Hebu soma nikusikie." Mtoto anasoma, maalim anasikiliza, halafu anamwonyesha pa kukaa. Huyu bado yuko kwenye alifu na be. Huyu aanze Juzuu Amma. Huyu ameshafika mbali, akae na wakubwa. Hakuna anayerudishwa mlangoni, na hakuna anayerushwa mbele kuliko uwezo wake.

Nimekuwa nikiufikiria utaratibu huo tangu chuo kimoja cha ufundi huku mkoani Kigoma kilipotuita mafundi na wafanyabiashara tutoe maoni kuhusu mafunzo yake. Nyinyi wa visiwani mnayaita mafunzo ya amali. Sisi huku watu wengi husema "veta" hata kama chuo si cha VETA. Tuliulizwa mambo mawili: kozi gani mpya zinahitajika, na sifa za kujiunga zibadilishwe vipi. Nilipeleka karatasi mbili nilizoandika kwa mkono. Leo nawaeleza niliyopendekeza, kwa sababu yanatuhusu wanawake wote, na yanamhusu zaidi kila bibi harusi anayempa fundi kitambaa chake.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma ushonaji, na sasa nina duka Mwanga, Kigoma mjini, lenye vyerehani vitano. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, kwa hiyo harusi haziishi, na ukiingia mfungo mosi tunashona mpaka usiku.

Bibi harusi wa siku hizi mara nyingi hununua shela lililokwisha shonwa, kutoka Kariakoo au kwa ndugu aliye nje. Shela lenyewe halina mikono na kifua kiko wazi. Ananiletea nilitie stara: mikono, kifua, na bitana pale lesi inapoonyesha mwili. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kushona gauni jipya. Unafumua mshono wa mtu mwingine kwenye kitambaa kinachochanika upesi, na nguo ni hiyo moja tu.

Chuoni sikufundishwa kazi hiyo. Tulifundishwa sketi, mashati, suruali na sare za shule, na nashukuru, maana huo ndio msingi. Stara ya shela nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akishona barazani kwake Ujiji, ambaye hakumaliza darasa la saba. Mama huyo leo akitaka kuingia kozi fupi ya chuo kile, hata ya wiki sita, hawezi. Fomu inataka cheti cha kidato cha nne.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni mwaka 2024. Mtakumbuka Ziwa Tanganyika lilifungwa, uvuvi ukasimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nia ilikuwa njema, maana samaki wamepungua. Lakini dagaa wa Kigoma hupita mikononi mwa wanawake. Mwanaume huvua usiku, na mwanamke wa Kibirizi au Katonga hununua asubuhi, huanika, hugeuza, hufunga na kuuza. Ziwa likifungwa, mwanamke huyo naye amefungiwa. Miezi ile walikuja dukani kwangu wanawake wengi wakiomba kazi yoyote ya mikono. Wengine waliniambia walikwenda kuuliza chuoni, wakaulizwa cheti, wakarudi nyumbani. Mmoja wao alinidarizia ukosi wa kanzu siku ile ile aliyokuja, na mteja akauliza ni nani kaufanya.

Basi nikapendekeza kozi tatu fupi.

Ya kwanza ni mavazi ya harusi yenye stara: kushona shela jipya, kurekebisha lililonunuliwa, kuweka bitana, kutia lesi na shanga, na kudarizi kanzu na abaya. Hiyo ndiyo kazi iliyopo mjini kwetu, na fedha yake ni nzuri.

Ya pili ni upambaji wa bibi harusi, hasa hina. Hapa nina wasiwasi wa kweli. Hina ya majani haina shida kwa watu wengi, lakini ile piko nyeusi inayochanganywa na unga wa kutia nywele rangi ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi. Inatoa malengelenge, na alama yake inaweza kubaki miaka. Wapambaji wetu wengi hawajawahi kuelezwa hilo na mtu yeyote. Nilipendekeza mhudumu wa afya aingie darasani japo siku mbili.

Ya tatu ni hesabu za fundi: kupanga bei, kupokea kianzio, kuandika madeni, kutenga fedha ya kitambaa na fedha ya chakula cha nyumbani. Dada zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Lakini nenda kwa mafundi kumi, uone wangapi wana daftari.

Kuhusu sifa za kujiunga, niliomba mabadiliko mawili ambayo wengine waliona yanagongana.

La kwanza, kozi fupi zisidai kidato cha nne. Badala yake liwepo jaribio la mkono la nusu siku. Mpe mwombaji futi kamba, chaki, mkasi na kipande cha kitambaa, umwone anavyopima na kukata. Anayejua awekwe panapomfaa, asiyejua aanzie chini.

La pili, darasa la mavazi ya harusi liwe na sharti gumu kuliko la sasa. Asiingie mtu kabla hajashona mwenyewe, bila kusaidiwa, gauni lenye bitana na zipu iliyofichwa. Hata kama ana cheti cha kidato cha nne au cha sita, asiingie. Msimu mmoja niliietewa shela lililokatwa vibaya mgongoni na kijana aliyekuwa na vyeti vyake vyote, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya nikahi. Zipu haikuweza kufunga tena. Tulitoboa vitundu pande zote mbili, tukapitisha kamba, na ndani tukaweka kipande kipana cha satini ili mgongo usionekane. Bibi harusi alipendeza, alhamdulillah, lakini siku zile nne mama yake hakulala. Nguo ya kawaida ikiharibika unanunua kitambaa kingine, ila siku ya harusi hairudiwi.

Kwenye kikao mwalimu mmoja wa ushonaji alinipinga kwa adabu, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema, "Fundi, mtu asiyejua hesabu atakataje sketi ya duara?"

Nilimjibu, "Mwalimu, umesema kweli. Kiuno cha inchi 28 unakigawa kwa sita na robo, unapata karibu inchi nne na nusu, ndiyo unachora tundu la kiuno. Ukikosea hapo kwa inchi moja tu, kiuno kinapanuka kwa inchi sita nzima. Basi tuwapime hesabu hiyo hiyo. Wapo wenye cheti cha kidato cha nne ambacho kwenye hesabu kina F, na fomu yetu inawapokea."

Akacheka, akasema, "Na wasiojua kuandika je?"

Nikasema wawekewe saa moja ya kisomo kabla ya somo la cherehani. Sikupendekeza kwamba kusoma hakuna maana. Napendekeza mtu afundishwe kusoma akiwa ndani, asiachwe nje kwa kuwa hakujua.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kupenda mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na shabaha yake ilikuwa watu wazima wajifunze kazi za mikono bila kuanza kwa kushindanishwa kwa mitihani. Mkoani kwetu vipo Kasulu na Kibondo. Katika vyuo vya aina hiyo umekuwepo mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowapokea wasichana waliokatishwa masomo, na mama mwenye mtoto mchanga akapata mahali pa mwanawe kulelewa wakati yeye yuko darasani. VETA nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunza kazi mtaani hupimwa, hufundishwa yanayopungua, kisha hupewa cheti. Na nyinyi wa Unguja mnacho chuo cha Barefoot College pale Kinyasini, ambako akina mama na mabibi, wengine hawakusoma shule kabisa, wamefundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua, wakarudi vijijini kuwasha taa. Kama bibi asiyesoma anaweza kuunganisha nyaya za sola, mchuuzi wa dagaa anashindwaje kuunganisha mkono wa gauni?

Niliongeza na ombi la ratiba. Wavuvi wetu huvua dagaa kwa taa, na mwezi ukiwa mkali taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Sisi Waislamu tunazijua siku hizo, ndizo zile siku nyeupe za kufunga sunna, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu. Basi masomo mazito ya vitendo yapangwe kuzunguka siku hizo, wakati mwanamke wa Kibirizi hana dagaa wa kuanika. Siku nyingine darasa lianze baada ya Adhuhuri na liishe kwa Alasiri, na chumba cha kuswalia kiwepo.

Matokeo yalikuwaje? Hatukupata yote. Tulielezwa kwamba mitaala ya kozi ndefu ni ya nchi nzima, na chuo kimoja hakiwezi kuibadilisha chenyewe, wala sifa zake za kujiunga. Hilo nimelielewa. Lakini kozi fupi chuo kinaweza kuzipanga. Kwa hiyo walikubali kujaribu kozi moja, ya mavazi ya harusi, kwa jaribio la mkono badala ya cheti, na lile sharti gumu la gauni lenye bitana likabaki. Hina walisema wataitazama mbele. Kisomo walisema hakina mwalimu kwa sasa. Mimi nimejitolea Jumamosi mbili kwa mwezi kufundisha daftari la madeni, na nimewaomba wamwite yule mama wa barazani awe mkufunzi wa vitendo. Jibu la hilo bado sijalipata, na nitaendelea kuuliza.

Nikichoka kuuliza, namkumbuka Bi Zaynab bint Jahsh, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa mke wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na bado alifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba wa mwanzo kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakapimana mikono. Alipotangulia Bi Zaynab wakaelewa kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa.

Wewe unayetaka kusoma ufundi, usiishie kwenye fomu ya kozi ndefu. Uliza chuoni kwenu kuna kozi fupi gani, na kama wanarasimisha ujuzi. Ukiambiwa hapana, uliza ni nani anayepanga kozi hizo, umwandikie. Karatasi moja inatosha.

Nawe bibi harusi mtarajiwa, kabla hujamkabidhi fundi shela lako, mwombe akuonyeshe kazi moja aliyoishona mwenyewe. Igeuze uitazame upande wa ndani, uone bitana ilivyokaa na mishono ilivyomalizwa. Mpelekee mapema, angalau mwezi mzima kabla ya nikahi, muandikiane bei na tarehe. Na mpambaji wa hina muulize kwa upole amechanganya nini kwenye bakuli lake.

Allah awafungulie milango ya elimu na riziki ya halali wanawake wa Ujiji, wa Kibirizi, wa Unguja na Pemba, na azibariki ndoa zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq.