Barabara Iliyomezwa na Msitu

Kule Chalbi, kaskazini mwa Kenya, mfugaji hupanga maisha yake kwa kutafuta maji. Bafwasende, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mambo ni kinyume. Maji tele, ya mvua na ya mto Lindi, na kichaka ukikipa kisogo msimu mmoja, unakikuta mlangoni.

Mzee mmoja wa hapo, mchuuzi wa zamani, anaikumbuka barabara ya Kisangani ilipokuwa ya malori ya kahawa na mchele. Kisha enzi ya Mobutu ikachakaa, madaraja yakaoza, na vita vya 1998 hadi 2003 vikamaliza kilichosalia. Mianzi iliinama kutoka pande zote mbili hata njia ikawa kichochoro cha kupishana watu wawili.

Ikabaki baiskeli, na wala haikupandwa. Mti mmoja ulifungwa kwenye usukani, mwingine ukasimamishwa nyuma ya tandiko, mwenyewe akaishika yote miwili na kusukuma, madumu ya mawese yakining'inia ubavuni. Kilometa kama 260 hadi Kisangani, matope ya magoti. Usiku analala Bafwaboli, au popote giza linapomkuta. Akirudi, mzigo ni chumvi, sabuni na nguo. Wanaosema biashara ilikufa miaka ile hawakuyaona mabega ya watu hawa.

Msitu nao ulipumua, ingawa si kila mahali: wenye bunduki walikula nyama ya porini, na wachimba dhahabu na almasi hawakuondoka.

Vita vilipopoa, barabara ilifunguliwa upya, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wafadhili. Malori yakarudi, pikipiki zikafuata, na mzee akaweka baiskeli yake ukutani bila majonzi yoyote. Ila barabara haichagui abiria. Ilileta pia misumeno ya mashine, na wakulima kutoka Kivu Kaskazini: wengine wakitafuta ardhi ya kakao, wengine wakikimbia mauaji ya Beni yaliyoanza 2014. Hao wa mwisho nani awafukuze? Hata hivyo, majani ya mangongo ya kufungia chikwange (mkate wa muhogo), yaliyochumwa zamani nyuma ya jiko, siku hizi mama anayafuata mbali.

Amri ya serikali ya Agosti 2014 inaipa jamii haki ya kuomba msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Vijiji ambavyo havijapeleka ombi vipeleke sasa, kabla msumeno haujafika.