Chumvi ya Tangi Jeusi

Wote, Jumanne 10 Septemba 2024
Muuza maji wa nyuma ya soko amenishika jioni hii: "Mwalimu, mbona maji ya chini ya tangi yana chumvi kuliko ya juu? Ni jua linaisukuma?" Tangi lenyewe ni jeusi na limepigwa na jua tangu asubuhi. Juu linachoma, chini ni baridi. Nimemwambia, "Mama, nipe siku chache," kwa kuwa jambo analoliuliza lipo kweli. Maji yakiwa moto upande mmoja na baridi upande wa pili, chumvi iliyomo mara nyingi huhamia kwenye baridi. Carl Ludwig aliliona mwaka 1856. Charles Soret wa Geneva akalichunguza kuanzia 1879 kwa mirija iliyosimama wima, moto juu, baridi chini, akaiacha hivyo kwa wiki nyingi. Mirija ile na tangi la Mama vimepangwa sawasawa!

Jumatano 11
Huo moto kuwa juu ni jambo kubwa. Sufuria ya chai huwashwa chini: maji yaliyopata moto huwa mepesi, hupanda, ya baridi hushuka, na yote huchanganyika. Yakipashwa juu, mepesi yako juu tayari, hayana pa kwenda. Katika utulivu huo chumvi huweza kujitenga.

Nimepiga hesabu usiku huu. Kwa chumvi ya mezani, kila digrii moja ya tofauti huhamisha takriban sehemu 1 au 2 katika 1,000. Digrii 10 zitaleta asilimia 1 au 2. Ulimi hauwezi kuonja hiyo. Tena muda! Kwa maji ya kina cha mita moja, hali hiyo ingehitaji kama miaka miwili ya utulivu mtupu kutimia, na kila usiku maji ya juu hupoa, hushuka, yakavuruga kazi ya mchana.

Ijumaa 13
Nimemuuliza Mama maji anayatoa wapi. Ya chini ni ya kisima kirefu, ya chumvi. Juu yake humwagiwa taratibu maji matamu yaliyochotwa mchangani, mtoni Kaiti. Basi ni hivyo. Maji matamu ni mepesi, na jua likiyapasha huwa mepesi zaidi, yakakaa juu. Alichoonja ni kweli tupu, na jua nalo lina mkono wake: linazituliza tabaka zisichanganyike upesi. Alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe nikikoroga nitauza ladha moja." Ndiyo, Mama.

Alhamisi 19
Nimelipeleka swali Kidato cha Tatu. Kilichowashangaza ni jinsi nafasi ikiwa finyu muda unavyopungua: ukitoka mita moja hadi milimita moja, ile miaka miwili inakuwa kama dakika moja. Nyembamba zaidi, ni chini ya sekunde. Nikawasimulia jinsi Dieter Braun na Albert Libchaber, mwaka 2002, walivyopasha sehemu ndogo ya maji yenye DNA. DNA ilikimbia joto. Lakini mzunguko wa maji ulipoungana na mwendo huo, ikakusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana wapo wanasayansi wanaotazama vitundu vya miamba kwenye chemchemi za moto chini ya bahari kama mahali ambapo molekuli za uhai wa kwanza zingeweza kukutana. Wazo hili linanisisimua kuliko lolote nililofundisha muhula huu.

Msichana wa dawati la mbele akauliza: mapengo ya mchanga wa Kaiti si membamba? Mbona basi chumvi nyeupe hujitokeza juu, penye joto? Kwa sababu maji hupanda mchangani, yakakauka juu na kuiacha chumvi hapo, na nguvu hiyo ni kubwa kuliko ya Soret. Hakuridhika, na ana haki. Jumamosi tutachukua mchanga wa juu na wa nusu mita chini, tuuloweke, tuyakaushe maji yake na kupima chumvi inayobaki.